Sola ya nyumbani ikikorofishana na stima ya gridi: anza kwa kuuliza ni saa ngapi

Simu nyingi ninazopokea huanza na maneno yaleyale: "Fundi, ile inveta imekufa." Mara nyingi haijafa. Imejizima kwa sababu imeona jambo isilolipenda kwenye laini, na imefanya vile ilivyoundwa kufanya. Kwa hiyo kabla sijabeba ngazi huwa nauliza swali moja tu: hujizima saa ngapi?

Saa ndiyo inayonionyesha pa kuanzia. Inveta inayolalamika saa moja asubuhi na kutulia ikifika saa tatu, tatizo lake karibu kila mara liko juu ya paa. Inayoanguka kati ya saa tano na saa tisa mchana, jua likiwa wazi, nenda kapime volti. Inayosumbua jioni watu wakipika, laini ya mtaa imelemewa. Na ile inayosumbua hata saa nane za usiku, wakati paneli hazizalishi kitu, hiyo usiicheleweshe: huenda nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imelegea, na nyumba nzima iko hatarini.

Maelezo haya ni ya nyumba zenye sola iliyofungwa sambamba na gridi, yaani inveta inayogeuza umeme wa paneli na kuusukuma kwenye nyaya zilezile zinazoleta stima kutoka kwenye nguzo. Mimi hufanya kazi Pwani ya Kenya, ambako volti ya kawaida ni 240 na masafa ni hezi 50. Aliye Tanzania atasoma 230 pale ninapoandika 240, kanuni hazibadiliki.

Kabla hujagusa chochote

Jua halina swichi. Paneli kumi zilizofungwa mfululizo hutoa kama volti 400 za umeme wa moja kwa moja (DC), na zitaendelea kuzitoa hata kama inveta imezimwa. Usichomoe konekta za MC4, vile viunganishi vya nyaya za paneli, mkondo ukipita. Umeme wa moja kwa moja hauna ile nukta ya sifuri ambayo umeme wa kawaida huipitia mara mia kwa sekunde, kwa hiyo cheche ikishaanza haizimiki kirahisi. Inaendelea kuyeyusha plastiki mpaka ipate cha kuchoma. Zima kwanza breka ya upande wa gridi, kisha aisoleta (swichi ya kutenga) ya paneli, halafu subiri dakika tano ili kapasita za ndani ya inveta zijimwage. Na chochote kilicho upande wa pili wa mita ya shirika si chako, hata kama unaona kabisa kuwa skrubu imelegea.

Inajizima mchana wa jua kali, kisha inarudi yenyewe

Kwenye kioo utaona maneno ya volti kupita kiasi. Inazima, inahesabu dakika chache, inawaka, inazima tena. Siku ya mawingu haisumbui. Mwenye nyumba anaumia kwa sababu saa zilezile ambazo paneli zingemlipa ndizo zinazopotea.

Chanzo chake ni rahisi kukielewa. Umeme hutiririka kutoka palipo na volti ya juu kwenda palipo na volti ya chini. Ili inveta isukume umeme kutoka nyumbani kwenda mtaani, lazima iinue volti yake juu kidogo ya ile ya laini. Kidogo hicho hutegemea urefu na unene wa waya. Nyumba moja niliyoishughulikia upande wa Mtwapa ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye laini, na baada yake ni mashamba. Inveta ilikuwa ya kilowati 5. Kutoka kwenye nguzo hadi ndani ulipita waya wa shaba wa milimita za mraba 10, urefu wa mita 60. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa takriban omu 1.83 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 120, kwa hiyo omu 0.22. Kilowati 5 ni karibu ampea 21. Zidisha, unapata volti 4.6.

Hiyo ni kwa waya wa nyumbani peke yake. Kutoka nguzo yao hadi transfoma kulikuwa na kama mita 400 za alumini ya milimita 50, ambayo ukinzani wake ni kama omu 0.64 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni omu 0.51, sawa na karibu volti 11 nyingine. Ukijumlisha, inveta ilikuwa inainua volti kwa zaidi ya 15. Transfoma yenyewe, mchana huo ambapo watu wengi wako kazini na mzigo ni mdogo, ilikuwa inatoa 246. Kwa hiyo kwenye inveta nilisoma 261. Na mtu aliyeifunga alikuwa ameiacha kwenye mpangilio wa nchi ya Ulaya, ambako volti ya kawaida ni 230 na ukomo ni asilimia 10 juu yake, yaani 253. Inveta haikuwa na kosa lolote.

Pima hivi. Zima mizigo mikubwa ya nyumba, ngoja inveta izalishe kwa nguvu, soma volti kwenye skrubu zake. Andika. Zima inveta, ngoja dakika moja, soma tena palepale. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo mchango wako mwenyewe. Ikiwa ni volti 3 hadi 5, nyaya zako ziko sawa. Ikizidi 10, waya ni mwembamba, au ni mrefu mno, au kuna kiungo kinachopata moto. Kisha ujue tofauti hiyo iko wapi: inveta ikizalisha, pima kwenye inveta, halafu pima kwenye breka iliyo karibu na mita. Pengo kati ya hapo na hapo ni la waya wako wa ndani, na hilo unaweza kulirekebisha kesho. Na kama inveta imezimwa na bado unasoma 255, basi laini yenyewe iko juu na hakuna kitu utakachobadilisha nyumbani kitakachokusaidia.

Dawa ya kwanza ninayopendekeza haigharimu hata shilingi: hamisha matumizi. Pampu ya kisima, hita ya maji, mashine ya kufulia, zote ziende mchana. Kila kilowati inayotumika ndani ni kilowati isiyopanda kwenye waya. Baada ya hapo kaza viungo, ongeza unene wa waya, na uweke mpangilio wa nchi sahihi. Kama nyumba ina fezi tatu na inveta ni ya fezi moja, hakikisha haijafungwa kwenye fezi ileile waliyoichagua majirani wote wenye sola.

Kuna mafundi wanaopandisha ukomo wa volti mpaka inveta inyamaze, 275, 280, basi mteja anafurahi na wao wanaondoka. Nakuomba usikubali. Friji, televisheni na chaja za nyumba yako na za jirani zinakula volti hiyohiyo. Ukomo ukibadilishwa, uwe ule ambao shirika la umeme limeukubali, na uandikwe kwenye karatasi za mtambo. Inveta za kisasa zina njia nzuri zaidi, ya kupunguza nguvu polepole volti inapopanda badala ya kuanguka ghafla. Iwashe. Utapoteza kiasi fulani saa sita, lakini hutapoteza saa nzima. Ile nyingine ya kunyonya umeme tendwa (reactive, umeme usiofanya kazi yenyewe lakini unaogusa volti) husaidia pia, ingawa kwenye nyaya za mtaani, zenye ukinzani mwingi, usiitegemee ikutatulie kila kitu.

Na jambo hili linaniuma: mkiwa nyumba nne zenye sola kwenye fezi moja, aliye mwisho wa laini ndiye anayezimikiwa kwanza. Wa karibu na transfoma hajui hata kama kuna tatizo. Kwa hiyo ukiona jirani wa chini analalamika na wewe mtambo wako unakwenda vizuri, huenda umeme wako ndio unaomsukuma juu.

Tokeni zinaisha haraka kuliko kabla ya sola

Mama mmoja aliniambia kwa uchungu kuwa yuniti zilizokuwa zikimfikisha wiki tatu, sasa hazimalizi siku kumi na mbili. Alikuwa amekopa kuweka zile paneli. Aliyezifunga alimwambia labda kuna mtu anaiba stima.

Hakuna aliyekuwa anaiba. Mita nyingi za tokeni zimeundwa kuhesabu umeme kwa mwelekeo wowote ule, ili mtu asigeuze nyaya na kuirudisha namba nyuma. Kwa hiyo umeme unaotoka nyumbani kwenda mtaani mita inauona kama matumizi, na inakukata tokeni. Unazalisha, unampa jirani, halafu unalipa. Mita nyingine zikiona umeme unarudi huchukulia kuwa zimechezewa, na hukata kabisa. Wenye LUKU upande wa Tanzania, nanyi angalieni hili kabla ya kufunga.

Jaribio lake halihitaji kifaa. Angalia taa ndogo nyekundu inayomweka kwenye mita. Pembeni yake imeandikwa inamweka mara ngapi kwa yuniti moja, na kwa kawaida ni 1,000. Saa sita mchana, jua likiwa wazi, zima breka zote za nyumba isipokuwa ya inveta. Sasa nyumba haitumii kitu. Kama taa bado inamweka, huo ni umeme unaotoka. Hesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko, kisha gawanya 3.6 kwa namba hiyo: jibu ni kilowati. Kwa yule mama ilikuwa inamweka kila sekunde mbili hivi, yaani karibu kilowati 1.8 zinatoka huku akilipia. Tuliizima inveta, na taa ikatulia. Hakuhitaji maelezo mengine.

Njia ya kulitatua ni mojawapo ya mbili. Ama uombe rasmi mita ya pande mbili, inayotenganisha unachovuta na unachotoa, au uizuie inveta isitoe kabisa. Kwa Kenya, Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 iliruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingia kwenye mpango huo wa kuhesabiwa pande zote, na kanuni zake zikatoka mwaka 2024. Ujue tu kwamba hulipwi pesa taslimu. Unawekewa hesabu ya yuniti, na kila yuniti unayotoa inahesabiwa nusu. Ndiyo maana nasema kutumia umeme wako mwenyewe mchana ni bora kuliko kuutoa. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, ya daraja la T3, ambalo ndilo linalohusu mitambo iliyounganishwa na gridi.

Ukichagua kuzuia, kazi yote inategemea sensa moja ndogo: ile pete inayobanwa kwenye waya, ambayo mafundi tunaiita CT. Hapa ndipo makosa yamejaa. Pete inatakiwa ibane waya wa laivu mara tu unapotoka kwenye mita, kabla haujagawanyika kwenda popote. Ikibanwa baada ya tawi linalokwenda jikoni, inveta haitauona mzigo wa jikoni. Ina mshale, na mshale ukielekea kinyume inveta itaona "kuvuta" pale inapotoa, na itaongeza nguvu badala ya kupunguza, mpaka ifike mwisho wake.

Ijaribu hivi: zima aisoleta ya paneli ili inveta isizalishe, na kama kuna betri izuie isitoe. Washa birika la umeme la wati 2,000. Kioo kinapaswa kuonyesha nyumba inavuta karibu 2,000. Kikionyesha inatoa 2,000, geuza pete. Kikionyesha sifuri, imebana waya usio wake, au imebana laivu na nyutro pamoja, zikafutana. Na kwenye nyumba ya fezi tatu, ukiona inatoa karibu 1,000, yaani nusu ya mzigo na kwa mwelekeo wa kinyume, usihangaike kugeuza: pete iko kwenye fezi moja na inveta inasoma volti ya fezi nyingine. Hilo limewahi kunipotezea mchana mzima.

Paneli ni za kilowati 5, inveta inaonyesha wati 600

Kabla ya kupanda kufuta vumbi, angalia betri. Kama imejaa, nyumba inatumia wati 600 tu, na kutoa kumezuiwa, basi inveta itazalisha 600 na si zaidi. Umeme hauna pa kwenda. Washa pasi. Uzalishaji ukiruka mara moja, paneli hazina ugonjwa.

Usiporuka, ndipo upande juu. Kwetu huku chumvi ya bahari hujishika kwenye kioo, na kinyesi cha kunguru mahali pamoja kinaweza kuangusha safu nzima. Angalia kivuli cha mnazi ambao mwaka juzi ulikuwa mfupi. Joto nalo lina lake: paneli hupoteza kama asilimia 0.35 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na kwenye bati la Mombasa saa saba mchana paneli kufika nyuzi 65 ni kawaida, kwa hiyo asilimia 14 imeshakwenda. Ukiona paneli za 5 zinatoa 4 mchana, shukuru.

Stima imekatika, jua linawaka, nyumba iko giza

Hili si tatizo, lakini hakuna linalowakasirisha watu kama hili. Inveta ya gridi ikiona laini imekufa hujizima ndani ya sekunde mbili, kwa makusudi. Isipojizima, volti 240 za nyumbani kwako zitaingia kwenye transfoma kwa nyuma, na transfoma haijui mbele wala nyuma: itazipandisha kuwa 11,000 kwenye nyaya za juu. Na huko juu kuna kijana wa watu amekata swichi, anaamini laini imekufa, ameshika waya.

Anayetaka umeme wakati gridi imepotea anahitaji inveta ya haibridi yenye laini yake ya bakapu na betri, na saketi chache zilizotengwa zihamie huko: taa, friji, soketi mbili. Kama laini ya bakapu ipo na bado kuna giza, angalia kama taa hizo kweli zilihamishwa. Mara nyingi zimebaki kwenye bodi ya zamani. Angalia pia nyutro. Nyutro ya bakapu ikichanganywa na nyutro ya gridi, breka ya uvujaji itaanguka kila stima inaporudi.

Kuna waya ambao nimeukuta kwenye nyumba tatu sasa: una plagi ya kiume pande zote mbili, wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Nyumba zote tatu niliukata kwa mikono yangu kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Weka swichi ya kubadilishia, yenye nafasi ya katikati, isiyoweza kuruhusu vyanzo viwili kwa pamoja.

Stima ikirudi, inveta huchukua kati ya dakika moja na tano kuichunguza laini kabla ya kujiunga. Iache. Wanaoizima na kuiwasha kila dakika wanaanzisha hesabu upya.

Na kuhusu jenereta: usiiunganishe na inveta ya gridi kana kwamba ni gridi. Jenereta ndogo isiyo na mzigo huenda kwenye hezi 52, inveta inaikataa. Na siku itakayoikubali, paneli zikizalisha kuliko mzigo, umeme utarudi kwenye jenereta. Tumia mlango wa jenereta wa inveta ya haibridi, kama upo.

Hitilafu ya asubuhi inayotoweka jua likipanda

Kioo kinasema insulesheni ni ndogo, au kuna uvujaji kwenda ardhini. Saa tatu kinawaka kama kawaida. Msimu wa mvua hitilafu haiondoki kutwa. Maana yake kuna mahali juu ya paa ambapo shaba inagusana na bati kwa kupitia maji.

Mara nyingi ni konekta. Mafundi wenye haraka huziacha zimelala kwenye mfereji wa bati, ambako umande hukusanyika, au huunganisha konekta za watengenezaji wawili tofauti, ambazo huingiana lakini hazizibi sawasawa. Nyingine ni panya. Nyingine ni waya uliobanwa chini ya fremu siku ya kufunga, na ngozi yake ikakatika.

Unaweza kujua mahali penyewe bila kufungua kila kitu. Asubuhi hitilafu ikiwa bado ipo, zima inveta na uichomoe safu. Pima volti kati ya ncha ya chanya na ardhi, kisha kati ya hasi na ardhi. Safu isiyo na jeraha haitakuonyesha kitu cha kudumu. Namba itayeyuka kuelekea sifuri. Safu yenye jeraha itakupa namba zinazosimama. Tuseme una paneli kumi, kila moja inatoa volti 40, jumla 400. Ukisoma 160 upande wa chanya na 240 upande wa hasi, gawanya 160 kwa 40: jeraha liko baada ya paneli ya nne ukihesabu kutoka chanya. Panda ukiwa na glavu, nenda moja kwa moja kati ya ya nne na ya tano. Mara ya mwisho nilipofanya hivi, huko Kilifi, nilikuta konekta imefunguka kwa unene wa kucha, na ndani yake kuna chumvi ya kijani kama kutu ya sufuria ya shaba. Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa anunue inveta mpya.

Paa likishakauka, jaribio hili halitakupa jibu. Fika mapema.

Volti inacheza hata usiku

Taa zinang'aa kupita kiasi jirani akiwasha pasi, kisha zinafifia. Inveta inalalamika volti kuwa juu saa nne usiku. Kwenye jengo la fezi tatu unaweza kusoma 195 kwenye fezi moja na 280 kwenye nyingine. Hiyo ni nyutro iliyolegea au kukatika, kwenye bodi, kwenye mita au kwenye nguzo. Usibadilishe mpangilio wowote wa inveta. Zima swichi kuu, chomoa vyombo, piga simu ya dharura ya shirika la umeme na useme wazi neno "nyutro". Waya wa ardhini wa nyumba usiuguse; nyutro ikiwa imekatika, mkondo unaweza kuwa unapita humo.

Jioni, na zile dakika baada ya stima kurudi

Volti ikishuka mpaka 190 saa moja jioni, inveta itaikataa gridi na kuhamia kwenye betri. Mtu hulaumu laini, na kweli laini ni dhaifu. Lakini angalia mpangilio wa kuchaji betri kutoka gridi. Inveta nyingi hutoka kiwandani zikiwa tayari kuvuta mkondo mkubwa pindi stima inapopatikana. Stima ikikatika saa kumi na mbili na kurudi saa mbili, kila betri ya mtaa inaanza kunywa kwa pamoja, juu ya majiko na mabirika. Nyumba kumi zikichaji kwa kilowati 3 ni kilowati 30, na transfoma ya mtaa mdogo huenda ni ya kVA 50. Fyuzi inaruka, mtaa unarudi gizani, na kesho yake kila mtu anasema stima ya huku ni mbovu. Panga kuchaji kutoka gridi kuwe saa tano usiku kuendelea, na kwa ampea chache. Betri ijazwe na jua.

Kabla ya kwenda ofisini

Malalamiko ya "umeme wenu una shida" hayamsaidii hata mtumishi mwenye nia njema. Peleka karatasi yenye siku saba za vipimo: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa mbili usiku, inveta ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Peleka namba ya mita, namba ya nguzo, nakala ya kibali cha mtambo na picha ya kioo cha inveta chenye hitilafu. Programu ya simu ya inveta inaweza kutoa mchoro wa volti wa kutwa nzima, uchapishe.

Nyumba ile ya Mtwapa ilihitaji yote. Tulibadilisha waya wa milimita 10 tukaweka wa 16, tukaweka mpangilio wa volti 240 uliokubaliwa, na pampu ikahamishiwa saa tano asubuhi. Mafundi wa laini walipokuja na ile karatasi mkononi, walizima transfoma na kushusha tapu yake (swichi ya kuchagua volti inayotoka) hatua moja, ambayo ni asilimia 2.5, yaani volti 6. Kesho yake saa sita nilisoma 253 inveta ikizalisha kwa nguvu yote, na haikuanguka. Saa mbili usiku nikarudi kupima tena, kwa sababu volti iliyoshushwa mchana hushuka na usiku pia, na ile ndiyo nyumba ya mwisho kwenye laini. Ilikuwa 228, majiko yote ya mtaa yakiwa yamewashwa.